Mkurugenzi wa Makumbusho ya Bucha

Jumatatu, 3 Novemba

Habari mbili leo. Moja nzuri, moja mbaya. Naanza na nzuri kwa sababu ile mbaya itanimalizia wino.

Nzuri: Jumamosi hii majirani wa mtaa wa Tena, hapa Nairobi, watatushukuru sisi tunaojitolea kwenye makumbusho ya mtaa. Chai, mandazi, hotuba! Bi Mwongeli ndiye aliyetangaza, kitambaa cha vumbi mkononi. Hata wakati wa kutangaza hakukiweka chini. Mimi ningevaa tai.

Nieleze kidogo, kwa sababu siku moja shajara hii itasomwa na watu wa mbali. Makumbusho yetu ni chumba kimoja. Zamani palikuwa bucha. Mwenyewe alipozeeka akarudi kwao, akaachia mtaa chumba. Vigae vyeupe bado viko ukutani, ndoano za nyama bado ziko juu, na kwenye ndoano tumetundika vitu vya majirani: pasi ya makaa, redio ya mbao, taa ya karabai, masufuria ya babu na bibi. Pale nyama ilipokuwa ikining'inia, kwenye dirisha la kioo linalotazama barabara, sasa inaning'inia historia.

Tunaojitolea ni wanne. Mwongeli hupangusa vumbi na kushika ufunguo. Mzee Wahome, fundi mstaafu wa kiwanda kimoja Industrial Area, hutengeneza chochote kinachokataa kulia au kuwaka. Lydiah ni msusi. Jumamosi asubuhi hufunga saluni yake ili awatembeze watoto wa shule. Halafu kuna mimi, Wakoli. Mimi ndiye ubongo.

Sasa mbaya. Mama mkwe anakuja! Anafika Ijumaa asubuhi kutoka Webuye, na anataka kuona makumbusho ambayo mkwe wake ni mkurugenzi.

Sijui nani alimwambia mimi ni mkurugenzi. Yaani, najua. Ni mimi. Nilimtuma mke wangu Khalayi amwambie kwenye simu, siku ile mama mkwe alipomtaja tena yule mwalimu wa Webuye aliyemtaka Khalayi kabla yangu. Mwalimu anaendelea vizuri! Mwalimu sasa ni naibu mkuu wa shule! Nikaona lazima na mimi niwe kitu. Sasa kanisa lake lote linajua kwamba mimi ni mkurugenzi, na akigundua si kweli, atamtaja mwalimu mpaka siku nitakayozikwa.

Halafu kuna mahali pa kulala. Kwetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Hatupeani mkono, hatuli meza moja, hatukai chumba kimoja. Kwa hiyo Khalayi amemtafutia malazi kwa jirani. Jirani gani? Mwongeli! Mtaa mzima umejaa vitanda na yeye amemchagua Mwongeli, mtu asiyejua kudanganya hata umri wake!

Nilimweleza Khalayi hatari hiyo. Akasema hatari iko mdomoni mwangu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimeamka na mpango. Mkurugenzi hujulikana kwa amri zake. Basi nitoe amri.

Ugonjwa wa makumbusho yetu ni kuazimana. Mtu analeta sufuria yake ya zamani, tunaitundika, tunaiandikia maelezo mazuri, halafu akipata wageni anarudi kuichukua! Na Mwongeli anampa! Anamfungia kwa gazeti na kumwuliza habari za watoto. Juzi juzi nusu ya vitu vyetu ilikuwa harusini Kayole. Lydiah akawaambia watoto wa shule watazame ndoano na wafikirie sufuria.

Nikachukua kadibodi na kalamu nyekundu. VITU VYA MAKUMBUSHO HAVIAZIMWI. KWA AMRI YA MKURUGENZI. Nikabandika karibu na mlango.

Annah, jirani yetu, mke wa Andati, akaja kuchukua sufuria yake kubwa, ile ya kupikia umati. Kuna wageni wa posa kwao. Nikamwonyesha tangazo. Akalisoma lote, akasifu mwandiko, akauliza mkurugenzi ni nani. Nikakohoa kwa heshima. Kabla sijamaliza kukohoa, Mwongeli akapita katikati yetu na sufuria kichwani, akimwambia Annah airudishe mapema, maana Jumamosi tutaichemshia chai. Chai! Ndani ya historia!

Kurudi kwenye tangazo langu, halipo. Mzee Wahome alikuwa amepanga skrubu za redio juu yake. Akasema ni kadibodi nzuri sana, ngumu, wapi nimeitoa.

Jioni nikafanya mazoezi ya kumtembeza mama mkwe. Nilizunguka sebule nikionyesha vitu kwa mwiko. Karibu mama, hii ni pasi iliyonyosha suti za mawaziri watatu. (Ilinyosha sare za shule za watoto wa Andati. Lakini nani atabisha?) Khalayi huuza mboga za kienyeji, na alikuwa ameketi akichambua kunde za kesho. Aliniacha nimalize ziara yote, mpaka karibuni tena. Ndipo akauliza nitamtembezaje mama yake ndani ya chumba kimoja, ilhali mimi na mama yake haturuhusiwi kukaa chumba kimoja.

Sikuwa nimefikiria hilo! Miezi yote hii ya kujisifu, na hilo halikunijia hata kidogo.

Kwa hiyo atatembezwa na wale wengine. Na atawauliza mkurugenzi ni nani. Nimeshindwa kumaliza ugali.

Jumatano, 5 Novemba

Jibu limenijia nikipiga mswaki. Mimi siwezi kuwa ndani ya chumba, lakini picha yangu inaweza! Kwenye kila ofisi ya maana kuna picha ya mkubwa ukutani. Mama mkwe ataingia, atainua macho, ataniona. Hatakuwa na haja ya kumwuliza mtu yeyote.

Nilimwuliza Khalayi kama mila yetu inakataza picha. Akasema wazee walioweka mila hawakuwahi kumfikiria mtu kama mimi. Nimelichukua hilo kama ruhusa.

Nikaenda Kayole, kwa Gitonga, mwenye studio karibu na Spine Road. Hakuna anayechapisha picha kubwa kama zake. Ukutani kwake ni watu wazito watupu! Wazee wenye tai. Akina mama wenye kofia za kanisa. Wote wamezungukwa na maua, na nyuma yao mawingu. Nikajua nimefika penyewe.

Gitonga huwa mtu wa kelele, kila mtu kwake ni niaje mkubwa, lakini leo alinisalimia kwa sauti ya chini sana. Akauliza inahitajika lini. Nikasema Jumamosi, kuna watu wanatoka magharibi. Akanipa pole. Nikajibu nimeshapoa, ndiyo maisha, mama mkwe ni mama mkwe.

Nikampa picha yangu ya suti, ile ya harusi ya shemeji. Aliitazama, akanitazama, akasema tunafanana sana. Nikamshukuru. Kwa kweli suti ile hunipendeza mno.

Akauliza nataka pambo gani. Nikachagua maua meupe na njiwa wawili. Akauliza mwaka wa kuzaliwa, nikampa. Akauliza maneno ya chini. Hapo nikafikiri. Makumbusho ni mahali pa kukumbuka, basi nikamwambia aandike: TUTAKUKUMBUKA DAIMA, KIONGOZI WETU. Gitonga akatikisa kichwa polepole, akasema familia imechagua maneno mazuri. Nikamwambia familia haijui lolote na asimwambie mtu. Akanyamaza. Watu wa Kayole wanajua kutunza siri za wakubwa.

Jumamosi, njoo!

Alhamisi, 6 Novemba

Picha iko tayari! Kubwa! Nimelia kidogo nilipoiona. Chini ya jina langu Gitonga ameongeza, bila hata kuombwa, mwaka niliozaliwa, kistari, na mwaka huu. Nadhani ndivyo wakurugenzi wanavyoandikwa siku hizi. Alikataa kunitoza bei ya kawaida. Alinisindikiza mpaka mlangoni akiwa amenishika bega.

Kabla ya kuitundika nilijaribu kwanza njia ya amani. Niliwakusanya wenzangu, nikawaeleza kwamba Jumamosi, kwa muda mfupi tu, kwa ajili ya mgeni mmoja tu, waniite Mkurugenzi. Mzee Wahome alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Lydiah akasema ataniita hata Rais nikiacha kuwadanganya watoto kuhusu pasi na mawaziri, maana wanabishana naye baadaye. Mwongeli aliendelea kupangusa, akivisalimia vitu kwa majina ya wenyewe kama kawaida yake, hujambo Mama Annah, hujambo Baba Chege, mpaka akamaliza ukuta mzima. Kisha akaniuliza mama mkwe hula nini asubuhi.

Ujanja gani huu? Nimewaza jioni yote. Anataka kumteka kwa uji!

Wakati wa kufunga nikasema leo nafagia mimi. Walishangaa lakini wakaenda, Mwongeli akaniachia kufuli nibane. Nikatundika picha kwenye ndoano ya katikati ya dirisha, inayotazama barabara. Nikaiwashia taa. Nikavuka upande wa pili kuitazama. Maua, njiwa, mawingu, mimi. Mwanamke mmoja akasimama kando yangu akaitazama pia, akashika mdomo, akaondoka haraka.

Hivyo ndivyo ukuu unavyogusa watu.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani.

Leo nilijipa likizo ya kujiandaa. Nilizima simu nisisumbuliwe. Khalayi alikwenda mjini asubuhi kumpokea mama yake kwenye basi. Sikwenda makumbusho. Nikachukua ndoo ya maji moto, sabuni na leso ya Khalayi, nikaingia bafuni. Bafu la ploti yetu, la wapangaji wote, liko mwisho wa ua, na mimi huoga taratibu, kwa sababu mawazo mazuri hunijia nikiwa na povu.

Nikasikia watu wakiingia uani. Wengi. Nikasikia viti vikiburutwa. Nikasikia sauti ya Mzee Wahome ikiamuru turubai livutwe upande ule. Halafu nikasikia kilio.

Maskini, nikawaza, kuna jirani amefariki. Nilisikitika kweli. Halafu nikakumbuka kwamba msiba huhitaji kamati, na kamati huhitaji mwenyekiti, na wanaowahi ndio huchaguliwa. Mama mkwe angefika na kunikuta naongoza! Sikusubiri hata kujisuuza. Nikajifunga leso kiunoni, nikatoka na povu kichwani, nikapaza sauti kuwapa pole wafiwa.

Sijawahi kuona watu wakitawanyika vile. Annah aliruka benchi. Fundi wa viatu wa jirani alipanda ukuta. Yule pasta anayependa kutuambia kifo kimeshindwa alikuwa wa kwanza kufika getini.

Mmoja tu hakukimbia. Alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, kilemba kimemtoka, amejifunika uso kwa mikono miwili. Akaifungua. Mama mkwe!

Mimi na mama mkwe, uso kwa uso. Mimi, na povu. Mimi, na leso ya binti yake. Kwetu kuna mambo ambayo hata hayana jina kwa sababu hakuna aliyewahi kuyafanya. Nilirudi bafuni kinyumenyume, nikabana mlango.

Khalayi ndiye aliyenieleza yote kupitia tundu la hewa, kwa sauti ambayo sitaiandika. Watu walikuwa wameona picha tangu jana jioni. Maua, njiwa, miaka miwili na kistari kati yake. Hakuna mtu Nairobi asiyejua picha ya namna hiyo ni ya nini. Asubuhi Mwongeli alifika makumbusho, akanisubiri, sikutokea. Akainua macho dirishani. Simu yangu haishiki. Basi akapeleka habari, na wenzangu wakaja na kila walichokuwa nacho. Mabenchi ya makumbusho. Taa ya makumbusho. Sufuria kubwa ya Annah, imerudi kutoka kwenye posa moja kwa moja hadi kwenye matanga yangu. Wanawake wakaleta sukari na majani ya chai. Hapo ndipo Khalayi alipoingia na mama yake, na mtu asiyejua lolote akamwambia yule mama pole, mkwe wako ametutoka.

Nilikaa bafuni mpaka mchana. Hakuna aliyeondoka, kwa sababu chai ilikuwa imeshaiva. Wakarudi mmoja mmoja, wakaketi, wakanywa. Na wakaendelea kunizungumzia! Wakasema nilikuwa mwongo wa kuchekesha. Wakasema niliwahi kumbeba mtoto wa Annah hadi zahanati mvua ikinyesha, na kwamba niliringa kwa hilo mwaka mzima, lakini nilimbeba. Walisema nilikuwa, nilikuwa, kama vile bado sipo. Sikuwasahihisha.

Mwongeli akaja mlangoni na suruali yangu, akaipitisha chini ya mlango. Akasema mimi ni mtu mzima mjinga kuliko wote aliowahi kufahamiana nao, na kwamba nikimfanyia hivyo tena ataniua mwenyewe ili kazi isiwe bure. Lakini sauti ilikuwa nzito puani. Alikuwa amelia! Mwongeli amenililia!

Nilifurahi sana. Kisha nikakumbuka kwamba leo mama mkwe analala kwake. Sasa wako pamoja, wanakula pamoja, na Mwongeli hajui kudanganya. Nimekwisha.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku yenyewe.

Picha imetolewa dirishani. Mzee Wahome aliifunga kwa gunia kabla jua halijachomoza vizuri. Imepitishwa kanuni mpya, kwa kauli moja, kwamba makumbusho hayatatundika picha ya mtu yeyote aliye hai. Mimi sikuulizwa.

Majirani walijaa hadi barabarani. Chai ilitoka kwenye ile ile sufuria. Annah alizungumza kwa niaba ya wote. Alisema vitu vya mama yake viko salama pale kuliko nyumbani kwake, kwa sababu pale kuna mtu anayevisalimia. Mwongeli akavishwa leso mpya na wanawake wakamwimbia. Akainamisha kichwa akaanza kupangusa meza isiyo na vumbi. Lydiah aliimbiwa na watoto wa shule. Mzee Wahome alipewa miwani yenye taa za kufanyia kazi, akaivaa hapo hapo, akamulika kila aliyempongeza mpaka wakaziba macho.

Mimi nilipewa kopo la grisi.

Grisi! Nikashukuru kwa adabu. Nikatoka nje nalo, kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja na chumba sasa kilikuwa chake. Nikajibanza chini ya dirisha, upande wa barabara, mahali wateja wa nyama walikuwa wakisimama. Kuna nafasi kidogo pale kioo kilipokatika pembeni. Kila neno hutoka.

Mwongeli alimtembeza. Nilisikia hatua zao. Hii ni ya Mama Annah. Hii ni ya Baba Chege, ilikuwa ikilia kila jioni ploti nzima inasikiliza. Mama mkwe aliuliza maswali mazuri. Hakuwa na haraka. Halafu akauliza lile lenyewe. Akauliza ofisi ya mkurugenzi iko wapi.

Nilisikia moyo wangu ndani ya kopo la grisi.

Mwongeli akasema hapa hakuna ofisi, mama. Hakuna mkurugenzi pia. Sisi sote ni watu tu.

Nikafumba macho. Nikamwona mwalimu wa Webuye akitabasamu.

Lakini Mwongeli alikuwa hajamaliza. Akasema, umeuona huu mlango wa chuma tulioingilia? Ni wa bucha ya zamani, unapanda juu, umepinda, na ni mzito ajabu. Mimi nina ufunguo lakini siwezi kuuinua. Mzee ana mgongo. Lydiah amejaribu. Ni mkweo peke yake anayejua mahali pa kuweka bega. Huja asubuhi kabla hajanywa chai, anatuinulia, na jioni anaushusha. Alipougua malaria, makumbusho yalifungwa mpaka akapona. Jana hakuja, ndiyo sababu niliiamini ile picha, na ili tutoe mabenchi ilibidi vijana wanane wauinue kwa nondo. Halafu akasema watoto wa shule wanampenda kwa uongo wake. Wanaenda nyumbani wanabishana, wanarudi na ndugu zao kuuliza kama ni kweli. Bila yeye tungekuwa na vitu vingi, mlango umefungwa, na hakuna anayekuja.

Sijawahi kuandika habari za ule mlango hapa. Si kazi ya mtu wa cheo. Nilidhani hata hawaoni.

Mama mkwe akaja dirishani. Alijua niko pale! Akasimama upande wa ndani akinipa mgongo, mimi upande wa nje nikampa mgongo, kioo kati yetu. Kwa kuwa hatusemezani ana kwa ana, akamwita Mzee Wahome. Akamwambia: mwambie Baba Nafula.

Nafula ni binti yetu, yuko shule ya bweni. Mama mkwe hajawahi kuniita Baba Nafula. Huniita yule.

Mzee Wahome hajui mila zetu. Alinisikia nikipumua kwenye pengo la kioo lakini akaona kama ameagizwa, basi ameagizwa. Akatoka mpaka nje, na miwani yake ya taa, akasimama mbele yangu na kupiga kelele kana kwamba niko Webuye. Mama anasema, mwambie Baba Nafula, jana nilipoambiwa amekufa nililia. Akarudi ndani. Akatoka tena. Mama anasema, sikulia kwa ajili ya watu. Ndani. Nje. Mama anasema, nilijishangaa mwenyewe. Na kwa maoni yangu mimi Wahome, alilia sana, tulimwinua watatu.

Akarudi mara nyingine akihema. Mama anasema, mwalimu hatatajwa tena. Mwalimu gani? Hilo ni swali langu mimi.

Nilitaka kujibu maneno makubwa. Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi tangu Jumanne. Lakini nikamwambia Mzee amwambie tu ahsante, mama, na pole kwa jana. Akaenda kuyatangaza. Kupitia kioo nikaona, bila kutazama, kilemba kikitikisika. Alikuwa anacheka. Nikacheka nami, mgongo wangu kwenye dirisha lile lile.

Jioni watu wakaondoka. Nikapaka grisi kwenye mlango pande zote mbili. Ulishuka laini kabisa. Mwongeli akabana kufuli, nikamwambia kwamba uji wake lazima ulikuwa mzuri. Akasema mama mkwe alikunywa vikombe viwili na kumwuliza kuhusu mimi jioni yote, naye akamjibu atajionea mwenyewe. Nampenda yule mama, na Mwongeli pia. Wote wawili. Nimeandika, na sifuti.

Jumatatu, 10 Novemba

Mama mkwe amefika Webuye salama. Alipiga simu jana usiku. Yeye na Khalayi waliongea sana, mimi nikiwa jikoni nasikiliza kama kawaida. Akauliza Baba Nafula hajambo, na mlango haujambo? Mlango! Amewaambia watu wote wa kanisa habari za mlango. Wamesifu sana, alisema. Wanasema mtu wa kufungulia wengine ni mtu muhimu.

Nililala nikiwa na furaha. Nimeamka na mawazo.

Maana fikiria. Kama mlango mmoja tu umeleta heshima yote hii, na ni mlango wa bucha, je, mtu mwenye milango zaidi? Huyu mama amenipenda kwa ukweli mdogo kiasi hiki. Ni haki nimnyime mkubwa?

Leo asubuhi, kabla sijaenda kuinua, nikamwomba Khalayi simu. Nikamwambia amwambie mama yake kwamba kuna habari njema, nimepandishwa cheo. Khalayi akaniwekea simu kwenye spika, akarudi kwenye kunde zake na kusema niseme mwenyewe, mila isiyovunjwa na povu haivunjwi na simu. Basi nikasema mwenyewe, nikitazama ukuta kwa heshima. Nilisema kuanzia mwezi huu nimekabidhiwa milango ya makumbusho yote ya mitaa ya Eastlands. Umoja, Kayole, Buruburu, Donholm. Kila asubuhi nainua. Nina hata vijana chini yangu.

Mama mkwe alipiga vigelegele. Anakuja Desemba kuiona yote, na anakuja na kwaya.

Nimemkuta Mwongeli mlangoni akinisubiri na ufunguo. Nimemwinulia. Nikamwuliza, kwa kupitapita tu, kama anafahamu mtaa wowote wa karibu wenye bucha inayotaka kufungwa.